Joram Kiango Angefanya Nini?

Sisi tuliokulia katika vitabu vya kuazimana, vile ambavyo jalada limeshachanika na kurasa nne za mwisho hazipo, tunamjua mpelelezi vizuri kuliko tunavyomjua mjumbe wa nyumba kumi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko chake, anafikiri, halafu anamwambia kila mtu alichokosea. Willy Gamba wa Elvis Musiba anatumwa kazi na hachelewi kufika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa hatumwi na mtu, anajituma mwenyewe. Lakini wote watatu wana bahati moja ambayo mimi sina. Mhalifu wao ana miguu. Aliingia mahali, akasimama, akagusa kitu, akatoka. Mlango upo, dirisha lipo, maiti ipo, na jirani aliyesikia kelele usiku naye yupo.

Mhalifu wa riwaya ninayoiandika hana miguu. Anamwibia mama mmoja wa Mbagala asubuhi na mapema, na wakati huohuo yawezekana yuko umbali wa kilomita elfu moja, kajilaza kitandani, anakula mhogo. Hakuvunja kitasa. Mama hajawahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Nilipofika sura ya tatu, inspekta wangu aliingia katika chumba cha yule mama, akasimama katikati, akatazama huku na huku, akakosa cha kutazama. Nami nikakosa cha kuandika. Daftari likalala wiki tatu.

Basi nikaiacha hadithi, nikaenda kutafuta sheria. Nayaandika haya hapa kwa sababu najua wenzangu wengi wa gazeti hili nanyi mmo katika upelelezi, na hadithi zenu ninazozisoma bado zina bastola nyingi na kompyuta chache. Kompyuta ikitokea, kijana mmoja mwenye miwani anabonyeza vitufe mara tatu na jina la mwizi linajitokeza lenyewe. Jamani! Haliji hivyo.

Kisa chenyewe sikukitunga, nilikikuta mtaani. Mama muuza vitumbua ndiye mweka hazina wa kikoba cha akina mama ishirini na wawili. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kumtumia mwenzao aliyefikiwa na zamu, na fedha yote ilikuwa ndani ya simu yake, shilingi 640,000. Mikono yake imejaa unga. Simu ikalia mlio mfupi. Ujumbe ukasema ile hela itumwe kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo, na jina litakalotokea ni la fulani. Hapakuwa na salamu wala jina la aliyeandika. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akatuma. Saa moja baadaye mwenye zamu akapiga simu, “Mbona kimya, mama?”

Watu wengi wanauliza mwizi alijuaje kwamba siku ile ndiyo siku ya kutuma. Hakujua. Huyu ni mvuvi wa juya, hamjui samaki hata mmoja. Anatuma maneno yaleyale kwa mamia ya namba, na katika mamia hao lazima awepo mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa anataka kumtumia mtu fedha kweli. Mwingine anadaiwa kodi, basi kwake mtumaji anakuwa baba mwenye nyumba. Mwingine ana mtoto bweni, kwake mtumaji anakuwa mwalimu. Ujumbe hauna jina makusudi, ili jina liwekwe na anayeusoma. Mimi kama mtu ninayejifunza kuandika niliutazama ule ujumbe nikasema moyoni, huyu mshenzi anajua kazi. Maneno kumi na tano tu, na msomaji anamalizia hadithi mwenyewe.

Nasema niliutazama, lakini niliuona kwenye simu ya jirani ambaye naye aliupata wiki ileile. Ule wa mama ulikuwa umeshafutwa. Mwanawe, kwa hasira, aliunyakua simu mkononi mwa mama yake, akampigia yule mwizi matusi ya nguoni, kisha akafuta kila kitu ili mama asiendelee kuusoma na kulia. Kijana alikuwa na nia njema kabisa. Ila kwa lugha ya upelelezi ni kama mtu aliyekuta damu sakafuni akachukua tambara akapiga deki.

Tulikwenda kituoni watu watatu: mama, mwanawe na mimi. Nilichukuliwa kwa sababu mtaani wananiita mwandishi, na kwa akili za mtaani mwandishi ndiye anayefaa kuandikisha maelezo polisi. Sitakitaja kituo. Afande wa mapokezi alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu, akasema:

“Sasa mama, nani alikushika kidole ukabonyeza?”

Mama akainama. Lile swali lilimwuma kuliko ile fedha, maana ndilo swali ambalo wenzake wa kikoba walikuwa wameanza kuulizana chini chini. Kama hakuna aliyemlazimisha, na ujumbe wenyewe haupo, basi nani ajuaye kama ujumbe uliwahi kuwepo? Watu wazima wameachana, ndugu wamenuniana miaka kwa fedha ndogo kuliko hiyo.

Jibu la afande, ambalo sikulijua siku ile, lipo katika sheria ya zamani kabisa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inazungumzia kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Anayedanganywa siku zote hutoa mwenyewe, kwa mkono wake, tena mara nyingine kwa tabasamu. Ndiyo maana ya kudanganywa. Kosa hilo lilikuwepo kabla simu za mkononi hazijaota ndoto ya kufika Tanzania. Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015. Bunge liliipitisha Aprili mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete akatia saini mwezi huohuo, na ikaanza kutumika Septemba 1, 2015. Humo kifungu cha 12 kinahusu udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta, na cha 15 kinahusu kujifanya mtu mwingine. Na usidhani kompyuta katika sheria hiyo ni lile sanduku la mezani tu. Simu ya mama ya kitochi nayo imo, kwa kuwa inapokea data, inaitunza na kuituma.

Kwa hiyo sheria ya kumshitaki mwizi ipo, tena mbili. Lakini haikuwa hivyo kila mahali, na hapa niwahadithie kisa cha Manila ambacho mtu akikiandika kama riwaya mhariri atakirudisha akisema hakiaminiki.

Mei 4, 2000, watu duniani walianza kupokea barua katika kompyuta zao yenye kichwa cha maneno ya mapenzi: nakupenda. Nani asiyetaka kufungua? Waliofungua, programu iliyojificha ndani ilijituma yenyewe kwa kila mtu waliyekuwa na anwani yake, na ikaharibu mafaili. Kwa siku chache ilikuwa imeingia katika mamilioni ya kompyuta, hata Bunge la Uingereza lilifunga mfumo wake wa barua. Upelelezi ukaelekea Ufilipino, mpaka kwa kijana aitwaye Onel de Guzman, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta. Chuoni alikuwa ametoa pendekezo la utafiti wa programu ya kuiba nywila za watu ili maskini wapate intaneti ya bure, walimu wakalikataa. Polisi walikuwa na mtu wao. Wakawa na kila kitu isipokuwa sheria. Ufilipino haikuwa na kifungu kinachosema kuvuruga kompyuta za watu ni kosa. Waendesha mashitaka walijaribu kumbandika sheria ya wizi wa kadi za malipo, haikukaa. Juni mwaka huohuo Rais Joseph Estrada akasaini sheria mpya, lakini sheria hairudi nyuma kumkamata mtu kwa jambo ambalo jana halikuwa kosa. Agosti mashitaka yakafutwa. Kijana akaenda nyumbani. Miaka ishirini baadaye mwandishi wa habari Mwingereza alimkuta Manila akiwa na kibanda cha kutengeneza simu, akakiri kwamba ni yeye.

Kanuni hiyo iliyomwokoa de Guzman nasi tunayo, katika Katiba, ibara ya 13(6)(c). Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaiona vizuri. Bila hiyo, mkubwa yeyote angeamka asubuhi na kuligeuza jambo ulilofanya jana kuwa jinai ya leo.

Haya, sheria ya kosa tunayo. Bado ushahidi, na hapa ndipo inspekta wangu alipokwama.

Mwaka 2000 katika Mahakama ya Biashara, Dar es Salaam, Trust Bank ilikuwa inamdai Le-Marsh Enterprises. Benki ikaleta hesabu zake, lakini zilikuwa karatasi zilizochapwa kutoka kompyuta. Sheria yetu ya Ushahidi ni ya mwaka 1967, na ilipozungumzia vitabu vya benki, waliyoyafikiria waliotunga ni madaftari makubwa yenye majalada magumu na karani mwenye wino. Swali likawa: je, kompyuta ni kitabu? Mtoto wa darasa la pili angecheka. Lakini swali lilikuwa la maana sana, kwa sababu kama si kitabu, hesabu za benki zote nchini zingekuwa hadithi tu mbele ya hakimu. Jaji Nsekela alikubali kwamba karatasi ile ya kompyuta inaingia katika maana ya vitabu vya benki, mahakama haiwezi kufumba macho kana kwamba biashara bado inaandikwa kwa mkono. Baadaye, mwaka 2007, Bunge likairekebisha Sheria ya Ushahidi, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13.

Sheria hiyo ya Namba 13, kifungu cha 18, ningependa kila mwandishi wa upelelezi aibandike ukutani. Inasema kwamba ujumbe wa kielektroniki hautakataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini uzito wake utapimwa: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, kuna uhakika gani kwamba haukubadilishwa, na aliyeutuma alitambuliwaje. Soma tena hayo maswali. Hayo ndiyo milango, madirisha na nyayo nilizokuwa nazitafuta katika chumba cha mama!

Chukua swali la kubadilishwa. Simu ikikamatwa, wataalamu hawaanzi kuichezea. Kwanza wanaitenga na mawasiliano, kwa sababu mwenzake mwizi anaweza kuifuta akiwa mbali. Kisha wananakili yaliyomo, na nakala ile inapigiwa hesabu ambayo matokeo yake ni mfululizo wa herufi na tarakimu. Kwa njia iitwayo SHA-256 mfululizo huo una alama 64. Badilisha nukta moja katika barua ya kurasa mia tatu, karibu alama zote 64 zinageuka, mfululizo haufanani tena na ule wa mwanzo. Ni alama ya kidole ya faili. Siku ya kesi hesabu inapigwa tena mbele ya watu, na zikifanana, wakili wa utetezi atafute hoja nyingine. Pamoja na hilo yapo maandishi ya kawaida kabisa, ya kalamu: nani aliichukua simu, saa ngapi, akamkabidhi nani, ikalala kabati gani. Karatasi hiyo ikikatika mahali, hata alama 64 hazisaidii. Kesi ngapi zinafia katika kabati la kituo hatuwezi kuhesabu.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu subira ni Clifford Stoll, mnajimu, mtu wa nyota, aliyepewa kazi ya kutunza kompyuta katika maabara ya Berkeley, Marekani. Mwaka 1986 aliambiwa atafute kwa nini hesabu ya matumizi ya kompyuta ina upungufu wa senti 75. Senti! Mtu mwingine angezitoa mfukoni akaendelea na maisha. Yeye alizifuata karibu mwaka mzima, akagundua kuna mgeni anayeingia usiku, akawa anachapa kila herufi ambayo mgeni yule anaigusa, na anaandika kila kitu katika daftari lake. FBI aliwaendea, wakamwuliza hasara ni kiasi gani, akasema senti 75, wakamwona hana kazi. Mwishowe alitega mtego wa mafaili ya uongo yenye harufu ya siri za kijeshi, marefu makusudi ili mgeni akae muda mrefu kwenye laini ya simu na mafundi wa Ujerumani waweze kumfuatilia. Alikuwa Markus Hess, wa Hannover, akiwauzia habari KGB. Stoll aliandika kitabu mwaka 1989 na ndani yake silaha yake kubwa ni lile daftari. Tarehe, saa, alichokiona. Basi.

Niliporudi kwa mama na akili hiyo, mambo yakaanza kuonekana. Ujumbe wa mwizi ulifutwa, ndiyo. Lakini ujumbe wa kampuni ya simu, ule wa kuthibitisha muamala, ulikuwepo, una namba ya muamala, saa, jina na kiasi. Hata kama nao ungefutwa, kampuni inatunza. Nayo kampuni inatunza pia kumbukumbu za namba gani iliwasiliana na namba gani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Maneno yenyewe ya ujumbe ni jambo jingine, na sheria nayo imeyatenganisha: kuna kifungu cha kumbukumbu za mawasiliano na kuna kifungu cha yaliyomo ndani. Polisi wanaweza kuamuru data ihifadhiwe isipotee wakati upelelezi unaendelea, na kudai wapewe. Halafu kuna namba ya simu yenyewe, si ya laini, ile ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#. Mwizi anabadilisha laini kama soksi, lakini kifaa ni fedha, kukitupa kunauma. Laini kumi zikipita katika kifaa kimoja, zote kumi zimefungwa kamba moja.

Na kuna wakala. Fedha ya mtandaoni haiwezi kununua bia mpaka mtu mwenye miguu asimame mbele ya kibanda na kuitoa. Hapo ndipo mhalifu wangu alipoota miguu hatimaye! Kwa dakika mbili tu, mbele ya dada anayeuza vocha na karanga, lakini aliota.

Sasa niseme upande wa pili, maana nilipokuwa nasoma nilijikuta nashangilia kila kifungu kinachompa polisi nguvu, kama mtu anayeshangilia mpira. Ni rahisi kushangilia ukiwa unamtazama mama analia. Lakini kifungu cha 31 cha sheria ileile kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kompyuta au simu akiwa na sababu za kushuku. Yaani hati haitoki kwa hakimu, inatoka kwa mkuu wa kituo. Simu yangu ina madaftari yangu yote niliyoyapiga picha, barua za mchumba, na namba za watu walionieleza habari zao kwa kuniamini. Na kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha habari za uongo, adhabu yake haipungui faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote. Juni 2016 mahakama ya Arusha ilimhukumu mtu faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka 3 kwa maneno aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais John Magufuli. Desemba mwaka huohuo alikamatwa Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums, na mojawapo ya mashitaka yake lilikuwa kuzuia upelelezi, kwa kutotoa taarifa za watu walioandika humo.

Mtaona kwamba mlango mmoja unapitisha wageni wa aina mbili. Amri ileile ya kudai taarifa ndiyo ambayo mama anaihitaji ili mwizi wake ajulikane, na ndiyo inayoweza kumtoa mtu aliyefichua wizi wa mkubwa wake ofisini. Wakenya walio wasomaji wetu wanalijua hili. Sheria yao ilisainiwa Mei 2018, na mwezi haujaisha Jaji Chacha Mwita akawa amesimamisha vifungu 26, vikakaa hivyo mpaka Februari 2020 Mahakama Kuu ilipovikubali. Mimi si mwanasheria, nilimaliza kidato cha nne tu. Lakini kwa maoni yangu kumbukumbu za muamala wa wizi wa fedha na jina la mtu aliyetoa maoni yake si kitu kimoja, na haifai vikaombwa kwa fomu moja. Hakimu awepo katikati. Kama ni usiku, aamshwe. Daktari anaamshwa.

Tuliporudi kituoni mara ya pili, mama alikuwa na karatasi ya miamala aliyochapiwa katika duka la kampuni ya simu. Tulikuwa na tarehe, saa, namba ya mwizi, na nakala ya ujumbe uleule kutoka simu ya jirani, ambaye alikubali kuja mwenyewe kuandikisha maelezo. Namba ya mwizi tulikuwa tumeshairipoti kwa 15040. Safari hii tulipelekwa chumba cha ndani kwa kijana wa upelelezi, mpole, mwenye feni iliyokufa na majalada mpaka dirishani. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

“Mwanangu, mtampata?” mama akamwuliza.

“Mama, laini nitaipata. Mtu ndiye kazi.”

Na kweli laini aliipata. Ilisajiliwa kwa jina la mzee mkulima wa mkoa wa mbali, ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam. Mtakumbuka ule usajili wa alama za vidole ambao mwisho wake uliahirishwa kutoka Desemba 2019 mpaka Januari 20, 2020, foleni zikafika barabarani. Tuliambiwa utapeli umekwisha, kila laini sasa ina kidole cha mwenyewe. Kidole ni cha mwenyewe kweli. Ila msajili wa mtaani anamwambia mzee, “Haijasoma, babu, weka tena,” babu anaweka tena, na anaondoka na laini moja huku nyingine ikibaki mfukoni mwa msajili. Ukitaka kujua kama una watoto wa nje wa aina hiyo, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rafiki yangu fundi viatu alibonyeza, akakuta moja asiyoijua kabisa. Hakulala.

Kwa hiyo mzee yule, ambaye naye kaibiwa kidole, ndiye aliyekuwa mshukiwa wa kwanza katika jalada. Afande alimwita, akachukua maelezo yake, akamwachia. Kile kifaa chenye tarakimu 15, kwa mujibu wa kumbukumbu, kilikuwa kimepitishiwa laini nyingine kumi na moja.

Kikoba kilikaa kikao Jumapili chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mama aliipitisha karatasi ya miamala mkono kwa mkono, na jirani akasimama akausoma ujumbe wake kwa sauti. Walipousikia, wanawake watatu wakatoa simu zao, na mmoja kati yao alikuwa nao uleule, neno kwa neno. Kimya kikawa kirefu. Kikoba kilisamehe nusu. Nusu nyingine, 320,000, mama analipa elfu ishirini kila mwisho wa mwezi, na amebaki kuwa mweka hazina, ila sasa hatumi fedha mpaka apige simu na kusikia sauti ya mwenyewe ikicheka.

Jalada halijafungwa. Mara ya mwisho nilipompitia afande alikuwa amepata majibu ya laini nane kati ya zile kumi na moja. Alikuwa anasubiri barua ya tatu zilizobaki, na jina la wakala.